Mkono wa Mbao wa Kushikia Darubini

Nyumba nyingi za pwani zina darubini. Pengine ni ile aliyokuja nayo ami aliyekuwa baharia, pengine ilinunuliwa mnadani, na sasa imelala kabatini ndani ya mkoba wake wa ngozi. Hutolewa mara moja kwa mwaka, Shaaban ikifika siku ya ishirini na tisa. Hapo utawaona watu wametoka nje jua likishatua, mmoja ameiweka darubini machoni, wengine wamemzunguka wakimuuliza, "Waona?" Naye husema, naona, kisha husema, la, sioni tena. Humpa wa pili, na wa pili hata pahali penyewe hapajui.

Nimeyatazama hayo kwa miaka mingi, na yaliyonidhihirikia ni kwamba ubishi wetu wa mwezi si wote unaoanzia kwenye elimu wala kwenye fatwa. Mwingine huanzia mkononi, kwa sababu mkono wa binadamu hutetemeka.

Darubini iliyoandikwa 10x50 maana yake ni hii: ile kumi ni ukuzaji, na ile hamsini ni upana wa kioo cha mbele kwa milimita. Ikikuza mwezi mara kumi, na mtetemeko wa mkono nao huukuza mara kumi. Mwezi mwandamo ni uzi mwembamba katika anga ambayo bado ina mwanga wa jua. Uzi huo ukirukaruka ndani ya kioo, jicho haliwezi kuudaka. Ndiyo maana watu wa vyombo hupenda zaidi ile ya 7x50: ukuzaji wake ni mdogo, na mtikisiko nao hupungua.

Wazee wa majahazi walilijua jambo hili kabla ya darubini kuvumbuliwa. Kipimo chao kiliitwa kamali, nacho kilikuwa kibao kilichotiwa uzi wenye mafundo. Nahodha aliuma fundo la uzi kwa meno, akaunyoosha, ili umbali kati ya jicho na kibao usibadilike. Ukingo wa chini wa kibao aliuweka penye upeo wa bahari, na ukingo wa juu penye nyota, akajua amepanda au ameshuka vidole vingapi. Nyota yao kubwa ilikuwa ya Jaa, ambayo sisi wa Mombasa na Lamu hatuioni kwa kuwa tuko kusini ya ikweta. Lakini aliyesafiri kwenda Maskati aliiona ikitokeza na kupanda kidole kwa kidole. Mwalimu wa mabaharia Ahmad ibn Majid, aliyeishi katika karne ya 15, aliyaandika mambo ya nyota na safari kwa nathari na kwa mashairi. Basi kukishikiza chombo cha kutazamia si jambo geni kwetu. Sisi ndio tuliosahau meno ya nahodha.

Njia nyepesi ya kuishikiza darubini ni kutumia miguu mitatu ya mpiga picha. Darubini nyingi kubwa zina kitundu cha parafujo mbele ya bawaba yake, kimezibwa kwa kifuniko kidogo. Kifungue, utie kipande cha chuma kilichokunjwa pembe mraba, kisha kipande hicho ukifunge juu ya miguu ya kamera kwa parafujo yake ya robo inchi. Kwa mwezi mwandamo, ulio chini karibu na upeo, hayo yatosha. Lakini ukitaka nyota zilizo utosini, ile miguu huwa taabu: shingo yako na miguu ya kamera vyagombea pahali pamoja.

Hapa ndipo unapofaa mkono wa mbao, nami nitaueleza kama nitakavyomweleza seremala. Chukua mbao mbili ndefu, sawa kwa sawa, za kiasi cha sentimita 120, uziweke moja juu ya nyingine kwa nafasi ya shubiri. Ncha zao za mbele ziunge kwa kipande kifupi kilichosimama wima. Hicho ndicho kitakachobeba darubini. Ukirudi nyuma sentimita 90, ziunge tena kwa kipande cha pili, wima kama cha kwanza, na hicho ndicho kitakachokaa juu ya nguzo na kuzunguka kulia na kushoto. Kila kiungo ni bolti moja yenye washa, imekazwa kiasi cha kusogea bila kulegea. Sentimita 30 zilizobaki nyuma ni mkia wa kuning'inizia uzito.

Uzito huo ni hesabu ya mizani ya sokoni. Darubini ya kilo moja iliyo sentimita 90 mbele ya nguzo yataka kilo tatu kwenye mkia wa sentimita 30, na zaidi kidogo kwa ajili ya mbao zenyewe. Kopo la mchanga latosha, nao mchanga hatujaishiwa. Ukishasawazisha vyema, wausukuma mkono kwa kidole kimoja, na ukiuachia hukaa pale pale. Nguzo nayo iwe imara. Miguu ya kamera haitauweza mzigo huu. Afadhali bomba lililosimikwa ndani ya debe la zege. Na ukiweka miguu ya mbao mchangani, itilie vibao chini isidudumie. Fundi anayejua kutengeneza usukani wa mashua hatatoka jasho kwa kazi hii.

Lakini ajabu ya mkono huu ni kwamba kipande cha mbele hubaki wima siku zote, uuinue au uushushe. Kwa hiyo darubini hubadili kimo chake tu, haibadili pale inapotazama. Mwezi uko mbali nasi kiasi cha kilomita 384,000. Kuipandisha darubini nusu mita ni kama si kitu. Mtoto akiuona mwezi, babake huinua mkono mpaka kwenye macho yake, na mwezi u mumo humo ndani ya kioo.

Jioni moja ya ishirini na tisa nilikuwa na watu saba upande wa magharibi ya mji. Maana sisi, bahari yetu iko mashariki, na mwezi mwandamo hututokea upande wa bara, juu ya mikoko na minazi. Aliyeuona kwanza alikuwa msichana wa miaka minane. Palikuwa na mzee wa zaidi ya miaka sabini, mvaa miwani, ambaye kila mwaka husema kwamba watoto wanaona wanachotaka kukiona. Hakuna aliyejibizana naye. Kijana mmoja aliuinua mkono taratibu mpaka kwenye uso wa mzee. Mzee akatazama, akanyamaza. Kisha akasema, "Subhanallah. Umelala kama mashua, na ncha yake ya kushoto imekatika kidogo." Ndivyo alivyosema yule mtoto, ila yeye alisema kama ukucha. Wote wanane tukatazama kwa zamu, na kila mmoja akaeleza kitu kile kile pahali pale pale.

Huko kulala kama mashua si ajabu. Kwetu karibu na ikweta, jua na mwezi huteremka karibu wima, basi mwanga wa jua huupiga mwezi kutoka chini yake. Anayekuja na habari ya mwandamo uliosimama wima kama herufi ni wa kuulizwa maswali zaidi. Vile vile ni nadra mno kwa jicho tupu kuuona mwezi ambao haujafikisha saa 15 tangu ulipokutana na jua. Hesabu hiyo wenye elimu ya falaki huijua kabla ya siku yenyewe kufika.

Sasa, je, kuona kwa darubini kwahesabiwa kuwa ni kuona? Wanazuoni wamehitilafiana. Wako wanaokubali, na wako wanaotaka jicho tupu. Hukumu ni ya Kadhi, wala mimi si mtu wa kumtangulia. Ninachosema ni kwamba mkono huu wawafaa wote wawili. Anayetaka jicho tupu, darubini humwonyesha pahali. Kisha ainue kichwa, atazame juu ya kioo kuelekea upande ule ule, aone kama jicho lake lafika. Katika Surat al-Baqara tumefahamishwa kwamba miezi miandamo ni vipimo vya nyakati kwa watu na kwa Hija. Kipimo chataka mkono uliotulia.

Jambo moja lisifanyiwe mzaha: usiielekeze darubini magharibi mpaka jua limetua lote. Mwanga wa jua kupitia kioo hicho hupofua, na jicho lililoungua halirudi. Watoto waambiwe hivyo kwanza, kabla ya kuambiwa jina la nyota yoyote.

Mwezi ukishazama, usiukunje mkono ukaenda zako. Ngoja giza lishike, na uyape macho nusu saa kuzoea. Ukihitaji tochi, ifunge kitambaa chekundu. Funga jicho la kulia, zungusha gurudumu la kati mpaka nyota iwe kama ncha ya sindano kwa jicho la kushoto. Kisha funga la kushoto, ulitengenezee la kulia kwa pete iliyo penye kioo cha jicho. Mwenye miwani na akunje ile mipira ya machoni.

Wakati wa kaskazi anza na Kilimia, ambacho wazee walikihesabia misimu. Kwa jicho tupu ni nyota sita au saba. Kwa darubini iliyotulia utaona makumi. Nyuma yake yaja nyota nyekundu ambayo Waarabu waliiita ad-Dabaran, yaani mfuasi, na Wazungu wakalichukua jina hilo hivyo hivyo. Upande wa kaskazini kuna doa la ukungu ambalo Abd al-Rahman al-Sufi alilitaja kuwa kiwingu katika kitabu chake cha mwaka 964. Leo yajulikana kuwa ni kundi la mabilioni ya nyota, Andromeda. Mushtari akiwako, tazama vitone vilivyopangana pembeni mwake: ni miezi yake minne, ile aliyoiona Galileo mwaka 1610. Kwa mkono mtupu huwezi kuihesabu. Kwa mkono wa mbao hata mtoto wa chuoni huihesabu, na kesho usiku ataona imebadilisha nafasi.

Ukimaliza, usiirudishe darubini kwenye ule mkoba wa ngozi ikiwa na unyevu wa usiku. Joto letu na chumvi yetu huotesha kuvu ndani ya vioo, na kuvu likishaingia fundi wake ni wa kutafutwa kwa mbali. Iache ikauke ndani, kisha itie kwenye kasha linalofunga barabara, pamoja na vile vifuko vya kunyonya unyevu ambavyo hupatikana ndani ya maboksi ya viatu vipya na watu huvitupa. Wala usiifute kwa ncha ya kanzu. Mchanga uliomo humo hukwaruza kioo.