Moyo Wake Ulisema Kabla Yake

Humu ndani tumezoea kuambiana kwamba siri za ndoa huvujia kwenye simu. Kwangu ilivujia kwenye saa ya mkononi.

Mwaka jana mimi na mume wangu tuliamua kupunguza vitambi. Kila alfajiri, saa kumi na moja na nusu, tunakimbia Barabara ya Toure mpaka Coco Beach, tunageuza. Kila mtu na saa janja yake, kila mtu na hedifoni zake. Mimi Bongo Fleva, yeye rumba la Wakongo. Raha tupu!

Kiukweli mambo haya hayajaanza leo. Walkman ya Sony ilitoka Japani mwaka 1979, watu wakaanza kukimbia na kaseti kiunoni. Mwaka 2006 Nike na Apple wakaleta kihisi kidogo cha kutumbukiza ndani ya raba ya kushoto. Kilikuwa kinatuma taarifa kwenye iPod nano, na katikati ya wimbo unasikia sauti ikikwambia umbali na kasi yako. Apple walitangaza kuacha kutengeneza iPod mwaka 2022, lakini wazo lenyewe limehamia mkononi. Saa inamulika ngozi kwa mwanga wa kijani, damu inaunyonya, na kila moyo ukipiga mwanga unaorudi unabadilika. Hapo ndipo inapohesabu.

Na muziki unasaidia kweli. Mwaka 1998 Haile Gebrselassie wa Ethiopia alivunja rekodi ya dunia ya mita 2,000 za ndani mjini Birmingham, huku wimbo wa Scatman ukimpa mwendo.

Sasa basi. Kila asubuhi tulikuwa tunashindana kitandani: nani moyo wake umetulia zaidi? Yeye alikuwa anacheza kwenye 58 kwa dakika. Ghafla ikawa 64, mara 67, mara 71. Nikimuuliza, anasema joto. Kwa mtu mzima 60 hadi 100 ni kawaida, kwa hiyo 71 peke yake haitishi mtu. Kilichonitisha ni ile kupanda. Homa, pombe, usingizi mbovu na mawazo vyote vinaweza kuupandisha moyo uliopumzika. Homa hana, pombe hanywi. Si unajua tena akili ya mwanamke? Nikaanza kumtafuta huyo mwanamke mwenzangu.

Barabarani nisingeweza kumuuliza, masikio yetu yote yamezibwa. Mpaka siku moja bodaboda ikaja nyuma yangu inapiga honi na mimi sina habari. Mume wangu ndiye aliyenivuta mkono. Hedifoni ikaruka huko.

Tukakaa mchangani, natetemeka. Yeye anatetemeka kuliko mimi.

"Baba Neema, moyo wako una nini?"

Akaangalia bahari muda mrefu. "Mkataba hawakuuongeza, mke wangu. Wiki ya nne leo."

Wiki nne! Kila asubuhi anaoga, anabeba begi la kompyuta, ananiaga. Wiki zote hizo tulikuwa tunakimbia bega kwa bega, kilomita tano kila siku, na mimi sijui. Nililia. Kwanza kwa hasira, halafu kwa aibu: namba zake nilizikariri, lakini uso wake sikuuangalia.

Sijatupa saa, na wewe usitupe yako. Ila tuna sheria mpya nyumbani, unaweza kuziiga. Barabarani hedifoni ni sikio moja tu, sauti chini, na mnakimbia mkitazamana na magari. Kilomita ya mwisho hakuna muziki, ni stori tu. Namba za saa ni za kulinganisha na zako mwenyewe za wiki iliyopita, siyo za kujitibia. Ukisikia maumivu ya kifua au kizunguzungu, simama na nenda hospitali. Na namba ya mwenzio ikibadilika, usipeleleze. Muulize.

Kazi alipata baada ya miezi mitatu, mshahara mdogo kuliko wa mwanzo. Jana asubuhi moyo wake ulisoma 60. Wangu 63. Kanishinda tena, na safari hii nimefurahi kushindwa.