Bingwa na Wakati Wake

Kabla hatujaanza, nawaomba walimu waandike ubaoni maneno haya manne: ULINGO, MKANDA, RAUNDI, SIFA. Ulingo ni jukwaa lenye kamba pande zote, ambamo wapigana ngumi hupambana. Mkanda ni ule anaovikwa bingwa kiunoni, uwe alama ya ubingwa wake. Raundi ni kipindi kimoja cha pambano, kwa kawaida dakika tatu. Neno la nne mnalijua, nalo ndilo hasa somo letu.

Mzee mmoja aliniuliza swali nilipotembelea darasa lao. Alisema, “Bwana Elimu, mabingwa wote huvaa mkanda. Mbona mmoja akumbukwa na mwingine asahauliwa?” Wengi hujibu upesi kwamba ni nguvu. Lakini nguvu ni nusu ya jibu tu. Mkulima wa kahawa wa Mbozi anajua kwamba mwaka wa mavuno makubwa si lazima uwe mwaka wa bei nzuri. Mpigana ngumi naye ana mwaka wa nguvu na mwaka wa nafasi, na miaka hiyo miwili huweza kupishana njiani.

Tumtazame mtu mmoja wa jirani zetu, Bw. John Mugabi wa Uganda. Alizaliwa Kampala mwaka 1960. Mwaka 1980, akiwa kijana wa miaka 20, alikwenda kwenye Michezo ya Olimpiki huko Moscow, akafika fainali. Akashindwa na Andrés Aldama wa Kuba, akarudi na medali ya fedha. Hiyo ndiyo medali pekee Uganda iliyopata katika michezo ile. Mwishoni mwa mwaka uleule akaanza kupigana kwa malipo.

Sasa sikilizeni vizuri. Kwa muda wa miaka mitano hakuna aliyemshinda. Alipigana mapambano zaidi ya 20, na hata moja halikufika mwisho wake. Wote aliokutana nao waliangushwa au walisimamishwa na refa. Watu wakampa jina la Mnyama. Hiyo ndiyo iliyokuwa miaka yake ya nguvu. Lakini mkanda? Hakuwa nao.

Nafasi ilipokuja, ilikuja kwa mlango mgumu kuliko yote. Mugabi alizoea kupigana katika uzito usiozidi ratili 154, yaani kama kilo 70. Akapewa pambano la ubingwa katika uzito wa kati, ambao ni ratili 160, juu ya uzito wake. Naye mwenye ubingwa huo alikuwa Marvin Hagler wa Marekani, bingwa tangu mwaka 1980, mtu ambaye wajuzi wengi humhesabu miongoni mwa wakubwa kabisa wa uzito ule. Pambano lilipangwa kuwa Novemba 1985. Hagler akaumia, likaahirishwa. Wakakutana Las Vegas tarehe 10 Machi 1986.

Mugabi alisimama mbele ya mtu yule raundi kumi. Alipiga, akapigwa, akapiga tena. Katika raundi ya kumi na moja akaanguka, refa akahesabu mpaka mwisho. Miezi tisa baadaye, Desemba 1986, alijaribu mkanda wa uzito wake mwenyewe dhidi ya Duane Thomas. Akaumia jicho, pambano likasimamishwa katika raundi ya tatu.

Je, hakupata mkanda kabisa? Alipata. Tarehe 8 Julai 1989, huko Ufaransa, alipigana na bingwa René Jacquot. Katika raundi ya kwanza Jacquot alitegua kifundo cha mguu, hakuweza kuendelea. Mugabi akawa bingwa wa dunia, naye ana miaka 29. Mkanda alikaa nao kwa muda usiofika miezi tisa. Tarehe 31 Machi 1990, mjini Tampa, kijana Terry Norris alimwangusha katika raundi ya kwanza.

Hapa, ndugu zangu, tumefika penye kiini. Ukifungua kitabu cha kumbukumbu utaona imeandikwa: bingwa, 1989. Lakini waulize wapenzi wa ngumi habari za Mugabi. Hawatakutajia 1989, watakutajia 1986, usiku alioshindwa. Kwa nini? Kwa sababu usiku ule alikuwa katika ukamilifu wake, na aliyempinga alikuwa mkubwa. Mkanda ulimjia wakati nguvu zimeanza kumwacha, tena kwa kifundo cha mguu wa mwenzake. Mimi naona watu hawajamdhulumu. Wanakumbuka walichokiona.

Wakati wa kuondoka nao una kazi yake. Pambano la Mugabi ndilo lililokuwa ushindi wa mwisho wa Hagler. Sugar Ray Leonard alikuwa ameketi karibu na ulingo akitazama, akaona kwamba Hagler amepungua wepesi. Tarehe 6 Aprili 1987 Leonard akamshinda kwa uamuzi wa majaji, uamuzi ambao watu wanaubishania mpaka leo. Hagler hakupigana tena. Alikaa hivyo mpaka alipofariki mwaka 2021, wala hakuna kijana aliyepata kujisifu kwamba alimpiga mzee Hagler. Leonard, ambaye alimshinda, yeye alirudi tena na tena ulingoni. Mwaka 1991 akapigwa na Norris yuleyule, na mwaka 1997 akapigwa na Camacho, akiwa na miaka 40. Mugabi naye alirudi ulingoni huko Australia katika miaka ya 1990, akaacha mwaka 1999.

Wengine hawachagui. Bw. Filbert Bayi wetu alivunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 huko Christchurch, Februari 1974. Olimpiki ya 1976 ilimkuta akiwa na miaka 23, lakini Tanzania, pamoja na nchi nyingi za Afrika, haikushiriki, kwa ajili ya New Zealand kucheza raga na Afrika ya Kusini ya ubaguzi. Bayi akangoja miaka minne. Akaenda Moscow mwaka 1980, michezo ileile ya Mugabi, akapata medali ya fedha katika mbio nyingine, mita 3,000 za kuruka viunzi na maji. Olimpiki ya mita 1,500, akiwa katika mwaka wake, hakuikimbia.

Sasa fungueni madaftari. Kila mmoja aandike sentensi tano juu ya mtu wa kijijini kwake aliyekuwa hodari wa kazi fulani: alikuwa hodari miaka gani, nafasi ilimjia lini, na watu wanamkumbuka kwa lipi. Walimu, tafadhali wasomeshe kwa sauti. Kwa herini.