Kuongozana: Kitenzi cha Mahujaji

Huko Masisi na Walikale, ambako vita vya tangu mwaka 1993 vimewang'oa wengi makwao, watu kuongozana barabarani mara nyingi huashiria kukimbia. Hata hivyo, kitenzi hichohicho chawafaa mahujaji waendao Namugongo, Uganda, kila tarehe 3 Juni, kumkumbuka Karoli Lwanga aliyechomwa moto hapo mwaka 1886. Wengi hutembea siku kadhaa, wakiimba na kusali rozari. Kiambishi -an- chadokeza utendano: kila mmoja huongoza na kuongozwa, mwenye mwendo akimngojea aliyevimba miguu. Akimbiaye naye humngojea jirani. Ila hajui atakakofika wala siku ya kurudi. Hujaji huyajua yote mawili, na furaha yake, pengine, huanzia hapo.