Vazi la ngoma lisipasuke jukwaani: Huanza na pateni

NGOMA za Wakamba husifika kwa miruko ya sarakasi. Ndiposa shule za Kitui na Makueni zinapojiandaa kwa tamasha za muziki, vazi linalobana kwapani huweza kuraruka mbele ya majaji, nacho kitambaa kilichokatwa vibaya ni hasara kwa mzazi aliyekinunua.

Kinga ni pateni itokanayo na mwili wa mcheza ngoma mwenyewe. Yeye huvaa fulana kuukuu inayomkaa sawasawa, na mwenzake huizungushia utepe wa gundi bila kumbana kifua. Mistari ya mabega, mbavu na kiuno huchorwa, kisha fulana hukatwa mgongoni kwa uangalifu, ikavuliwa na kutenganishwa kufuata mistari hiyo. Vipande hutandazwa juu ya gazeti kuukuu na kuchorwa, huku sentimita 2 zikiongezwa kila ukingo kwa ajili ya mshono.

Hata hivyo, fulana hunyumbuka ilhali kitambaa cha pamba hakinyumbuki. Kwa hivyo, vazi hushonwa kwanza kwa amerikani, na mvaaji akaruka, akainama na kuinua mikono. Kwapani panapovuta huongezwa kipande cha pembe nne, na gazeti hurekebishwa.

Hapo ndipo mkasi huguswa kitambaa chenyewe, kwani kikishakatwa hakirudi.