Msaada, Wajibu na Haki: Lugha ya Magazeti ya Biashara Juu ya Makampuni, kwa Mifano ya Unyamwezi

Nia ya makala haya ni kuchunguza jambo moja la matumizi ya maneno, yaani jinsi magazeti yetu, na hasa kurasa zao za biashara, yanavyoeleza mambo ambayo makampuni huwafanyia watu wa mahali yanapochuma. Kwa Kiswahili cha leo jambo hili limepewa jina la uwajibikaji wa kampuni kwa jamii. Wataalamu wa uchumi na wa sheria wameliandika sana. Sisi wa lugha nasi tuna neno letu la kusema, kwani nadhani sehemu kubwa ya shida iliyomo ni shida ya vitenzi.

Mifano yangu nitaichukua Unyamwezi, kwa sababu mbili. Kwanza, Mkoa wa Tabora ni nchi ya tumbaku, na umepata kuwa na mgodi mkubwa wa dhahabu wa Golden Pride huko Nzega. Kwa hiyo habari za makampuni na vijiji si ngeni huko. Pili, nchi hii ilikatwa na njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kwenda Ujiji, na maneno ya malipo baina ya mfanyabiashara apitaye na mwenyeji wake yana historia ndefu ambayo yaweza kutufundisha kitu.

1. Jina na vitenzi vyake

Uwajibikaji ni neno lililotokana na wajibu, neno lenye asili ya Kiarabu, ambalo maana yake ni jambo lisilo la hiari. Kitenzi kuwajibika chaenda mbele zaidi. Katika siasa ya Tanzania, mtu akisemwa kwamba amewajibika, maana yake amekubali kubeba lawama ya jambo lililotendeka chini ya mamlaka yake, na mara nyingi ameacha cheo. Mfano ukumbukwao ni wa Ali Hassan Mwinyi, aliyejiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani mwaka 1977 kwa sababu ya vifo vya watu waliokuwa mikononi mwa dola huko Shinyanga. Kwa hiyo msomaji akikuta maneno "uwajibikaji wa kampuni kwa jamii", ana haki ya kutazamia habari ya kampuni inayojibu: imechuma nini, imelipa nini, imeharibu nini, na imetengeneza nini.

Habari yenyewe, hata hivyo, huenda njia nyingine. Mfano ufuatao nimeutunga mimi kwa kufuata umbo la kawaida la habari hizo. Haukunukuliwa katika gazeti lolote:

"Kampuni ya ununuzi wa tumbaku imekabidhi msaada wa madawati kwa shule ya msingi wilayani Uyui, ikiwa ni sehemu ya uwajibikaji wake kwa jamii. Mgeni rasmi ameipongeza kampuni hiyo kwa moyo wake wa kujitolea, na amewataka wananchi wayatunze madawati hayo."

Tuyatazame maneno haya kwa jicho la sarufi. Jina kuu ni uwajibikaji, lakini vitenzi vyote ni vya hisani: kukabidhi, kupongeza, kujitolea. Katika habari za namna hii kampuni ndiyo kiima cha kila kitenzi chenye nguvu. Wananchi hutokea kama yambwa, watu wanaojengewa, wanaochimbiwa, wanaopelekewa, na hapa kauli ya kutendea hufanya kazi kubwa. Wakipata kuwa kiima, huwa ni kiima cha kushukuru, kutunza na kunufaika. Ni nadra kuwakuta wakidai, wakipatana, wakihoji au wakilipwa. Kichwa cha habari chasema wajibu. Mwili wa habari wasema zawadi.

Limo neno moja lenye kupingana na wenzake, nalo ni kurudisha, au kurejesha. Husemwa kwamba kampuni "inarudisha kwa jamii sehemu ya faida yake". Usemi huu ni tafsiri ya usemi wa kigeni, lakini katika Kiswahili umepata maana kali kuliko ile ya asili. Kwetu, kitu hurudishwa kwa mwenyewe. Aliyerudisha jembe hapongezwi kwa ukarimu, na mwenye jembe haitwi mnufaika. Mwandishi asemapo kurudisha, kisha katika sentensi ifuatayo akasema msaada, amekiri deni na kulifuta kwa pumzi moja.

2. Mambo manne chini ya neno moja

Neno msaada, kama litumikavyo katika habari hizi, limefunika mambo manne yasiyofanana.

La kwanza ni malipo ya sheria. Mnunuzi wa mazao hulipa halmashauri ushuru wa mazao, ambao mwaka 2017 ulipunguzwa kutoka asilimia 5 hadi asilimia 3 kwa mazao ya biashara. Uko pia ushuru wa huduma, unaotozwa juu ya mauzo ghafi. Dawati lililonunuliwa kwa fedha hizi ni mali ya umma tangu mwanzo. Katika madini jambo hili lilikwenda mbali zaidi: marekebisho ya mwaka 2017 katika Sheria ya Madini ya mwaka 2010 yalimtaka mwenye leseni atayarishe kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana juu yake na serikali ya mtaa inayohusika. Tangu hapo zahanati iliyojengwa kwa mpango huo ni utekelezaji wa sheria.

La pili ni mkopo. Mkulima wa tumbaku hupata mbolea na pembejeo nyingine kwa mkataba, kwa kawaida kupitia chama chake cha msingi cha ushirika, na thamani yake hukatwa siku ya mauzo. Habari ikisema kwamba wakulima "wamepatiwa mbolea na kampuni", msomaji wa mjini hadhani hata kidogo kwamba mbolea hiyo italipwa na huyo huyo aliyepatiwa, pamoja na riba ikiwapo.

La tatu ni fidia, yaani kutengeneza kilichoharibiwa. Tumbaku ya mvuke hukaushwa katika mabani kwa moto wa kuni, na kuni hizo kwa miaka mingi zimetoka katika misitu ya miombo. Kampuni ikigawa miche, inafanya jambo jema; lakini kuliita msaada bila kutaja msitu uliokwisha ni kusimulia hadithi kuanzia katikati.

La nne ni hisani yenyewe, kitu ambacho hakuna sheria, mkataba wala madhara yaliyokilazimisha. Hiki nacho kipo, na chastahili shukrani. Shida ni kwamba, kwa kuwa mambo yote manne yamevikwa nguo moja, hata kampuni iliyotoa kwa moyo haiwezi kutofautishwa na ile iliyolipa kodi kwa kuchelewa mbele ya wapiga picha.

Lugha yetu haina upungufu wa maneno ya kuyatenga haya. Waislamu wa pwani wametenga tangu zamani zaka, ambayo ni haki ya maskini katika mali ya tajiri, na sadaka, ambayo ni hiari ya mtoaji. Tuna ushuru, kodi, ada, fidia, mkopo, zawadi, bakshishi na hisani. Kila moja latuambia nani anaweza kudai na nani lazima angoje. Msaada peke yake halisemi lolote juu ya hayo.

3. Habari ya neno hongo

Hapa ndipo njia ya misafara inapotusaidia. Katika karne ya 19, msafara uliopita katika nchi ya mtemi ulilipa hongo. Burton na Speke, waliofika Kazeh, yaani Tabora, mwaka 1857, walilipa; Stanley alilipa mwaka 1871, na alilalamika sana juu ya hongo ya Ugogo. Malipo yalikuwa nguo, shanga na nyaya za shaba, na kiasi chake kilipatanwa, wakati mwingine kwa siku kadhaa. Wasafiri Wazungu waliandika kana kwamba ni unyang'anyi. Kwa wenyeji yalikuwa bei ya njia, ya maji na ya amani. Ukubwa wa jambo hili waonekana katika vita vya mwaka 1871 baina ya Mirambo na Waarabu wa Unyanyembe: ugomvi juu ya njia na malipo yake ulikuwa mmoja wa mizizi yake, na njia ya Ujiji ikafungwa.

Kamusi za zamani zalieleza neno hili kuwa malipo ya kupita katika nchi ya watu, na maana ya rushwa ikiwa karibu nayo. Utawala wa Kijerumani ulipoenea bara, haki ya watemi ya kutoza wapitao ilikoma. Neno likabaki na ile maana ya pili tu, na leo hakuna Mswahili asemaye hongo ila kwa aibu. Malipo yaliyokuwa wazi na yenye mdai wake yalipopoteza haki iliyoyashikilia, jina lake lilihamia upande wa mambo ya sirini.

Sisemi kwamba hongo irudi, wala kwamba watemi walikuwa waadilifu wote. Nasema kwamba jina la malipo hufuata haki ya kuyadai, na haki yenyewe hudhoofika jina lake likibadilishwa. Hongo ilishuka kutoka haki hadi kosa. Ushuru wa leo, uitwapo msaada, wapanda kutoka haki hadi fadhila. Safari ni mbili tofauti, lakini mwenyeji hufika pale pale: hana tena neno la kudaia.

4. Sababu za uandishi huu

Si haki kuwatupia waandishi lawama yote. Habari nyingi za namna hii huzaliwa katika ofisi ya mawasiliano ya kampuni, ambako zimekwisha andikwa kabla mwandishi hajafika. Kampuni hiyo hiyo huweza kuwa mnunuzi wa matangazo katika gazeti. Tukio lenyewe, lenye hundi ya mfano, utepe na mgeni rasmi, limepangwa ili lipigwe picha. Mkataba na hesabu za halmashauri havipigiki picha.

Tena mtindo huu si wetu peke yetu. Howard Bowen aliandika juu ya wajibu wa wafanyabiashara kwa jamii mwaka 1953 huko Marekani, na Milton Friedman akampinga kila mwenye mawazo hayo mwaka 1970 kwa kusema kwamba wajibu wa biashara ni kuongeza faida ndani ya kanuni zilizowekwa. Archie Carroll, mwaka 1991, alipanga wajibu huo katika ngazi nne: uchumi, sheria, maadili, na juu kabisa hisani. Wayne Visser, akitazama Afrika mwaka 2006, aliona kwamba huku hisani imeshuka hadi ngazi ya pili na kuitangulia sheria. Kwa mwanachuo wa lugha, magazeti yetu ni ushahidi wa maneno yake. India ilijaribu njia nyingine: sheria yake ya makampuni ya mwaka 2013 iliyataka makampuni makubwa kutumia asilimia 2 ya wastani wa faida ya miaka 3 kwa kazi za jamii.

Juu ya tumbaku dunia imesema waziwazi zaidi. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Udhibiti wa Tumbaku mwaka 2007, na mwaka 2008 nchi wanachama zilipitisha mwongozo unaozitahadharisha serikali juu ya kazi ambazo wenye viwanda vya tumbaku huziita za uwajibikaji kwa jamii, kwa kuwa ni njia ya kujitangaza. Hapa neno lenyewe limetiwa katika mashaka na sheria ya kimataifa.

5. Hoja ya adabu

Yupo atakayesema kwamba Mswahili, na Mnyamwezi vile vile, hushukuru hata kwa haki yake, na kwamba kudai hadharani ni utovu wa adabu. Ni kweli. Mwenye kulipwa deni husema ahsante. Lakini hasemi kwamba amepewa zawadi, na mdeni wake akitangaza hivyo kijijini, ugomvi utazuka siku hiyo hiyo. Adabu ya shukrani haikudai kamwe uongo wa jina. Isitoshe, gazeti si mgeni aliyealikwa karamuni. Kazi yake ni kumweleza asiyekuwapo.

6. Pendekezo

Nashauri mambo mawili. Kwanza, wahariri waweke kanuni nyepesi: kabla ya kuandika msaada, mwandishi aulize, "Kama kitu hiki kisingetolewa, yuko mtu ambaye angekuwa na haki ya kukidai?" Akiwapo, neno si msaada. Kwa malipo ya sheria na aandike ushuru au wajibu wa kisheria. Kwa kinacholipwa baadaye, mkopo. Kwa kutengeneza madhara, fidia. Na hisani ibaki kwa hisani.

Pili, wanaisimu tuingie katika kazi hii mapema. Mwaka 2021 Kiswahili kilifanywa lugha ya sheria Tanzania, na istilahi zinazochaguliwa katika tafsiri za sheria zitakuwa na nguvu ya mahakama. Wajibu likitafsiriwa kwa neno lenye harufu ya fadhila, si rahisi kuliondoa baadaye.

Hili si jambo la wataalamu tu. Huko Isikizya, makao makuu ya Wilaya ya Uyui, madiwani hukaa kusikiliza mapato na matumizi ya halmashauri yao. Diwani aliyesoma kwamba kata yake imepewa msaada atasimama kutoa shukrani. Aliyesoma kwamba ni ushuru wa tumbaku ya wapiga kura wake ataomba aonyeshwe hesabu: ulikusanywa kiasi gani, na uliobaki uko wapi.