Shahada ya Historia ni ya kazi gani?

Majuzi jirani yangu alinisimamisha njiani, uso umemkunjamana. Binti yake amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa HGL, amefaulu vizuri, na sasa anataka kwenda Mlimani kusoma Historia. "Ndugu mtangazaji," akaniambia, "wewe vijana wanakusikiliza, hebu niongelee na mwanao huyu. Nilipe ada miaka mitatu ili aje anisimulie habari za Karl Peters? Nani atamwajiri kwa sababu ya Karl Peters?"

Sikumcheka. Mzazi anayelipa ada ana haki ya kuuliza fedha yake inakwenda wapi. Na kwa kuwa najua si yeye peke yake mwenye swali hilo, leo tulijibu kwa pamoja.

Wengi wetu tuliisoma Historia shuleni kama orodha: taja sababu tano, eleza matokeo matano. Aliyekariri alifaulu. Chuo kikuu mambo hubadilika. Huko mwanafunzi hufundishwa kuipima habari kabla ya kuiamini. Nani kaisema? Kaisema lini? Aliona kwa macho yake au alihadithiwa? Alikuwa na faida gani kusema hivyo? Na upande wa pili unasemaje?

Tuchukue vita vya Maji Maji. Vilianza Julai 1905 huko Umatumbi, watu walipong'oa pamba waliyolazimishwa kuilima. Kwa miaka mingi habari zake zilizoandikwa zilikuwa zaidi za yule aliyeshinda. Serikali ya Wajerumani ilitoa hesabu ya watu 75,000 waliokufa. Lakini mwaka 1968 wanafunzi wa Historia wa chuo hicho hicho cha Dar es Salaam walikwenda vijijini na madaftari yao, wakakaa na wazee walioviona vita hivyo au waliohadithiwa na wazazi wao, wakaandika. Mmoja wa watafiti wa wakati huo, Gilbert Gwassa, alikadiria kuwa waliokufa walikuwa kati ya 250,000 na 300,000. Wengi hawakufa kwa risasi. Walikufa kwa njaa, maana majeshi yalichoma mashamba na maghala ya chakula.

Wazee walioviona vita vile wote wametangulia mbele ya haki. Wanafunzi wale wangechelewa miaka ishirini tu, wangekuta makaburi. Tarehe 1 Novemba 2023 Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, alisimama Songea akaomba msamaha kwa yale yaliyotendwa. Msamaha wa namna hiyo hauombwi kama hakuna aliyeweka kumbukumbu.

Wenzetu wa Kenya nao wanalo la kusimulia. Wazee walioteswa wakati wa Mau Mau walifungua kesi London mwaka 2009. Wanahistoria, miongoni mwao David Anderson na Caroline Elkins, walitoa ushahidi wao mahakamani. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ikakiri kuwa ilikuwa imehifadhi mafaili mengi ya makoloni mahali paitwapo Hanslope Park. Mwezi Juni 2013 ikakubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Wazee walipata haki yao, na karatasi kuukuu zilisaidia.

Sasa tuje kwenye mkate wa kila siku. Nisiwadanganye vijana: matangazo ya kazi yanayosema "anatakiwa mwanahistoria" ni machache sana. Wengi huwa walimu, na anayetaka njia hiyo achukue shahada iliyo na ualimu ndani yake tangu mwanzo. Mwalimu Nyerere mwenyewe, aliporudi kutoka Edinburgh, alifundisha Historia pale Pugu. Wengine huenda Idara ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa, Makumbusho ya Taifa, au kwenye mambo ya kale. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara ziliingizwa katika urithi wa dunia mwaka 1981, Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 2000, na mgeni anayefika huko anataka maelezo ya kweli, si porojo. Wengine huingia utawala, mambo ya nchi za nje, na hata huku kwetu kwenye habari.

Mimi nina stashahada ya uandishi wa habari, shahada ya Historia sina. Lakini nilifanya kazi na kijana aliyekuwa nayo. Jioni moja tuliletewa barua iliyodaiwa kuandikwa na kiongozi fulani. Sote tulikuwa mbio kuiwahi taarifa ya saa mbili usiku. Yeye akauliza jambo moja tu: tarehe. Barua ilikuwa ya mwezi ambao kiongozi yule alikuwa bado hajateuliwa kushika cheo alichokiandika chini ya saini yake. Tukaiweka kando. Tungeisoma hewani, tungeomba radhi wiki nzima.

Kwa binti wa jirani yangu, na kwa wenzake, nina ushauri. Shahada peke yake haitoshi, iongezee kitu. Jifunze kompyuta vizuri. Jifunze lugha: nyaraka za wakati wa Wajerumani zilizopo Dar es Salaam zimeandikwa kwa Kijerumani, na anayeweza kuzisoma ana mtaji mkononi. Ukienda Zanzibar, Kiarabu kitakufaa vivyo hivyo. Tena usingoje mwaka wa mwisho kuingia chumba cha nyaraka.

Nawe mzazi, usimwulize mtoto atapata cheo gani tu. Mwulize akimaliza atakuwa anaweza kufanya nini. Akikujibu kuwa ataweza kusoma karatasi mia, kuitambua ya uongo, na kuandika kurasa mbili zinazoeleweka na mkubwa wake kazini, basi ada yako haikutupwa.

Jirani yangu amesema atafikiri. Nimemwomba asifikiri peke yake, akae na binti yake wafikiri wote wawili. Kwa leo naishia hapo. Tukutane wiki ijayo, Mungu akipenda.