Harufu kali ya wiski haimzuii mtoto kuionja

CHUPA ilifika Kibada, Kigamboni, ndani ya begi la kaka yangu aliyerudi likizo kutoka Scotland, ikiwa imeviringishwa kwenye sweta. Usiku baada ya chakula akaifungua barazani. Wifi yangu, aliyekuwa jikoni, akauliza nani amemwaga Dettol.

Hakukosea sana. Wiski ya kule hutengenezwa kwa shayiri iliyooteshwa mpaka ikawa kimea, kama wapishi wa pombe zetu wanavyofanya kwa ulezi au mtama. Kimea lazima kikaushwe, na sehemu kama kisiwa cha Islay hukikausha kwa moshi wa udongo mweusi wa kinamasi, uliotokana na mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka. Wenyeji huukata vipande kama matofali, wakaanika, kisha wakachoma. Moshi wake huacha kwenye kimea kemikali za jamii ya fenoli, na dawa nyingi za kuua vijidudu ni za ukoo huohuo.

Sisi wa Pwani moshi kwenye kinywaji si jambo geni. Bibi zetu walifukiza mtungi kwa ubani ili maji yanukie.

Hii ya kaka ilikuwa changa. Sheria ya kule inataka wiski ikae kwenye pipa la mwaloni angalau miaka mitatu. Yenyewe ilikaa mitano, na ikiwa changa moshi husikika zaidi. Tena ilitoka pipa moja tu, haikuchanganywa na nyingine wala kupunguzwa kwa maji. Lebo ilisema kilevi asilimia 60. Konyagi ni asilimia 35, na bia nyingi ni kama asilimia tano.

Kaka alinipimia kidogo, akaniambia ninuse kwanza, glasi isikaribie sana pua. Nikaonja. Ulimi uliwaka, kisha ikaja chumvi, majivu, na kitu kama samaki wa kukaushwa kwa moshi. Alipoongeza matone ya maji, utamu wa sukari guru ukajitokeza. Sikumaliza, ila nilielewa kwa nini watu huitafuta.

Tukaingia ndani kuangalia picha za theluji kwenye simu yake. Glasi tukaziacha mkekani.

Niliporudi, mtoto wa kaka, mwenye miaka minne, alikuwa ameshika glasi kwa mikono miwili, ananusa kama alivyomwona baba yake. Midomo ilikuwa imelowa. "Shangazi, dawa hii inauma," akasema, akatema.

Mimi naandika habari za afya kila wiki, na bado niliamini harufu ile ingemfukuza mtoto. Kumbe kwake ilinuka dawa, na dawa chungu amezoea kupewa na sisi wenyewe.

Hebu tupige hesabu. Vijiko viwili vya chakula vya wiski ile, yaani mililita 30, vina mililita 18 za kilevi halisi. Hiyo ni zaidi ya kopo zima la bia la mililita 330. Kwa mtoto wa kilo 15, ni kama mtu mzima wa kilo 75 anywe zaidi ya makopo matano kwa mkupuo.

Kinachotisha zaidi ni sukari ya mwili. Ini likiwa na kazi ya kuvunja kilevi, hushindwa kutengeneza sukari, na mtoto mdogo ana akiba ndogo, hasa akiwa hajala. Sukari inaweza kushuka saa kadhaa baadaye, akapata degedege au kupoteza fahamu wakati ninyi mnadhani amelala.

Kwa hiyo, mzazi, mtoto akimeza pombe kali mpeleke hospitali hata kama anacheza. Akiwa macho na anameza vizuri, mpe maji ya sukari njiani. Akiwa amelegea, usimpe kitu mdomoni. Mlaze ubavu na uangalie anavyopumua. Usimtapishe. Maziwa hayaondoi kilevi, kahawa haiondoi, na kumwagia maji baridi humwongezea baridi mwili ambao tayari unapoa. Nenda na chupa, ili daktari asome kiwango.

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inakataza kumuuzia mtoto pombe, na viroba vilipopigwa marufuku Machi 2017, moja ya hoja ilikuwa kwamba hata wanafunzi walivimudu. Lakini hakuna mgambo wa kukagua baraza ya nyumba yako, wala wa kumkemea mjomba anayesema kwenye sherehe, "Mwonjeshe kidogo tu." Huyo mjomba mimi binafsi simchekei tena.

Wa kwetu alilowesha ulimi tu. Tulimsukutua, tukampa chai yenye sukari na mkate, na wifi alikaa macho karibu naye hadi adhuhuri ya Ijumaa, akimwamsha kila mara. Kaka hakusema mengi.

Jumapili nilipopita Kibada nilikaribishwa chai. Chupa ipo juu kabisa kwenye kabati la nguo, na ufunguo anao wifi. Mtoto aliniuliza kama ile dawa imeisha.